Do Inayohama

Wanafunzi wengi wa piano wa Afrika Mashariki hawakuanza na piano. Walianza na kwaya. Kabla ya kugusa kitufe hata kimoja, walikwisha kuimba sauti ya pili au ya tatu kwa miaka katika usharika au kigango chao. Walikaa mbele ya ubao ulioandikwa d, r, m, f kwa chaki, na walijifunza kushika sauti yao imara huku jirani akiimba kitu kingine kabisa. Kisha siku moja mtu wa namna hii anaamua kutafuta mwalimu wake binafsi, analipa ada ya mwezi, anaketi mbele ya piano, na anaambiwa kwamba sasa anaanza moja. Kitabu kinafunguliwa ukurasa wa kwanza. Kidole gumba kinawekwa kwenye C ya kati. Yote aliyokuja nayo yanabaki nje ya mlango.

Naipinga desturi hiyo, na sura hii nimeiandika kwa ajili ya kuipinga. Sikio lililolelewa na kwaya ndilo mtaji mkubwa kuliko wote ambao mwanafunzi wa muziki anaweza kuja nao, na mwalimu anayeuacha ukae bure anamrudisha mwanafunzi wake nyuma. Somo zuri la piano, kwa watu wetu, linaanza kwa kuimba. Na somo zuri la kuimba halikai mbali na piano.

Tuangalie kwanza mtaji wenyewe. Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alikuwa akitafuta njia ya kuwafundisha waimbaji nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia. Alizipa silabi hatua za ngazi ya muziki, ili mwimbaji aione silabi na kuikumbuka sauti yake. Karne nane baadaye, Sarah Glover, aliyefundisha watoto mjini Norwich, Uingereza, alizigeuza silabi hizo kuwa herufi za kuandikwa ubaoni. Mchungaji John Curwen akauchukua mfumo wake, akaurekebisha na kuusambaza kuanzia miaka ya 1840. Curwen aliwafikiria watoto wa shule za Jumapili na wafanyakazi wasio na fedha ya kununua chombo. Herufi zake zilichapishika kwa mtambo wowote wa chapa, pasipo mistari mitano wala alama za pekee, na kwa hiyo zilisafiri kirahisi katika mizigo ya wamisionari. Zikafika Afrika Kusini, na huko Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni, alizitumia kuandika wimbo alioutunga mwaka 1897. Tuni ya wimbo huo ndiyo inayoimbwa leo kila bendera ya Tanzania inapopandishwa. Baadhi ya kwaya zetu siku hizi zinasoma nota za mistari mitano, lakini nyingine nyingi bado zinaishi kwa herufi hizo, yaani solfa, na hazina sababu ya kuionea aibu.

Nguvu ya solfa iko katika jambo moja: do inahama. Mwalimu wa kwaya akiandika juu ya karatasi kwamba do ni G, kila mtu anajua pa kuanzia. Wiki ijayo, sauti ya kwanza ikilalamika kwamba wimbo uko juu mno, anaushusha do iwe F, na hakuna anayejifunza upya chochote. Mwimbaji hakukariri majina ya sauti. Alikariri uhusiano. Anajua mwilini mwake kwamba ti inataka kupanda kwenda do, kwamba fa inaegemea mi, kwamba so inaweza kusimama peke yake bila wasiwasi. Huo ndio ujuzi ambao vyuo vya muziki duniani hutumia miaka kuujenga katika madarasa ya kufundisha sikio. Kijana wa kwaya anao tayari, ingawa hajui kama anao.

Piano, kwa upande wake, haihamishi kitu. Ina vitufe 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na kila kimoja kinabaki na jina lake maisha yote. Hapo ndipo mwanakwaya anapojikwaa. Katika C, do re mi yake yote inalala kwenye vitufe vyeupe na anafurahi. Akiambiwa acheze wimbo uleule katika D, mkono unapotea.

Makanisa yetu yamepata njia ya kukwepa shida hii: kile kitufe cha transipozi kwenye kinanda cha umeme. Mpiga kinanda anajifunza ufunguo mmoja tu, na mwimbaji akianza mahali pengine anabonyeza mara mbili tatu mpaka kinanda kimfuate. Sitawalaumu wapiga kinanda hao, kwa kuwa ibada haisubiri mtu amalize kujifunza. Tena, kitufe hicho kinafanya kazi ileile ya do inayohama. Hasara yake inaonekana siku wanapokaa kwenye piano ya kweli, au wimbo unapobadilisha ufunguo katikati. Mkono uliojua njia moja hauna pa kwenda.

Njia ya pili, ambayo walimu wengi wa binafsi huifuata, ni kumkaririsha mwanafunzi: G ina kitufe cheusi kimoja, D ina viwili, A ina vitatu. Anakariri kama anavyokariri miji mikuu ya dunia, na sauti yenyewe haimo.

Mimi naamini katika njia ya tatu. Mwalimu amwambie mwanafunzi achague wimbo mfupi anaoujua tangu utotoni, auimbe kwa solfa mpaka usikosewe, kisha autafute kwenye piano kwa kidole kimoja, do ikiwa C. Akishaupata, aanze upya do ikiwa G. Atacheza vizuri hadi atakapoifikia ti, na hapo F nyeupe itamkera. Asiambiwe kitu. Sikio lake litamsukuma kwenda kitufe cheusi kilicho juu yake, na atakapokigusa atajua kwamba amefika. Wiki nyingine do iwe F, na safari hii fa ndiyo itakayomkera, mpaka aipate B iliyoshushwa. Mwanafunzi wa namna hii anapokutana na alama zile mwanzoni mwa mistari mitano, zinakuwa majina ya mambo aliyoyagundua mwenyewe. Nimeona watu wazima wakitabasamu kama watoto mahali hapo.

Wala vitufe vyeusi si somo la mwaka wa tatu. Mtunzi Frédéric Chopin, aliyeishi Paris kwa miaka mingi akijipatia riziki hasa kwa kufundisha watu mmoja mmoja, alipenda kuanza na ngazi ya B, ambayo ina vitufe vyeusi vitano. Sababu yake ilikuwa ya mwili: vidole virefu vya katikati vinakaa kwa raha juu ya vitufe vyeusi, na vile vifupi, gumba na kile cha mwisho, vinabaki kwenye vyeupe. C, ngazi tunayoiita rahisi, ni rahisi kwa macho, lakini kwa mkono ni ngumu, maana vidole vya urefu tofauti vinalazimishwa kusimama kwenye mstari mmoja.

Chopin huyohuyo aliwahimiza wanafunzi wake wa piano waende kuwasikiliza waimbaji wa opera, na hata wajifunze kuimba. Ukiangalia ndani ya piano utaelewa kwa nini. Chombo hiki kilibuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu mwaka 1700, na kiini cha ubunifu wake hakijabadilika. Kidole kinapobonyeza kitufe, nyundo ndogo inarushwa kuelekea nyuzi, inazipiga na kurudi mara moja. Kabla sauti haijasikika, nyundo imekwisha kuachana na kidole. Hutaweza kuibadilisha sauti hiyo tena. Uliloweza kuamua ni kasi tu ya kuibonyeza. Na tangu inapozaliwa, sauti ya piano inaanza kufifia. Mwimbaji anaweza kuishika nota moja na kuikuza polepole mpaka ijae chumba. Mpiga piano hana uwezo huo hata kidogo.

Kwa hiyo kila wimbo mtamu uliowahi kuusikia kwenye piano ni kazi ya sikio linalopima: nota inayokuja inabonyezwa kwa uzito unaolingana na kile kilichobaki cha nota iliyotangulia, ili msikilizaji aamini kwamba zimeungana. Vidole havijui kupima hivyo. Anayejua ni mtu aliyeuimba mstari huo kwa pumzi yake mwenyewe, akajua unapanda wapi, unachoka wapi na unavuta hewa wapi. Ndiyo maana somo la piano lisilo na kuimba hutoa wachezaji wanaopiga nota zote sahihi na bado mtu hawezi kuwasikiliza kwa dakika tano. Dawa yake ni rahisi. Mwanafunzi acheze sentensi moja ya muziki, anyamaze, aiimbe, kisha aicheze tena akiinua kifundo cha mkono kidogo kila mahali alipopumua.

Sasa, kwa nini mwalimu binafsi? Simu imejaa video za bure, na ziko zinazofundisha vizuri kweli. Video haina sikio. Inakuonyesha mtu mwingine anavyofanya, lakini haikusikii wewe, na katika kuimba upungufu huo ni mkubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mwimbaji hajisikii kama wengine wanavyomsikia. Sauti yake inamfikia kupitia mifupa ya kichwa chake pamoja na hewa. Kila mtu aliyewahi kushangaa sauti yake kwenye rekodi anajua ninachosema.

Historia ya muziki imejaa watu waliookolewa na sikio la mtu mmoja. Mwaka 1841 mwimbaji kijana wa Sweden, Jenny Lind, aliyekwisha kuwa maarufu kwao, alifika Paris kwa mwalimu Manuel García akiwa na sauti iliyochakaa kwa kutumika kupita kiasi. García hakumpa zoezi. Alimwamuru apumzike, arudi baada ya wiki kadhaa. Aliporudi walifanya kazi pamoja karibu mwaka mzima, na Lind akatoka hapo kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne ile. García huyohuyo, mwaka 1854, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo kingine cha mkononi, akaelekeza mwanga wa jua kooni mwake, na akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufungika alipokuwa akiimba. Mwaka uliofuata aliiwasilisha kazi hiyo mbele ya wanasayansi London. Madaktari wa koo wanamhesabu miongoni mwa waasisi wao, naye alikuwa mwalimu wa kuimba aliyetaka kujua kinachotendeka ndani ya wanafunzi wake.

Nasi tunayo habari yetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa familia ya wafinyanzi, alihamia mjini Unguja mwaka 1911 akiwa na kipaji na hana shule. Ali Muhsin, mwanamuziki wa taarab, aliisikia sauti yake na kumfundisha misingi ya uimbaji na ala. Mwaka 1928 Siti alikuwa Bombay akirekodi santuri za Kiswahili zilizoenea pwani nzima. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake, na kila mwalimu wa sauti katika nchi zetu anapaswa kukisoma kitabu hicho, kwa sababu kinatukumbusha kwamba masomo ya mtu mmoja kwa mwalimu mmoja hayakuletwa kwetu na piano.

Mwanakwaya anapokwenda kwa mwalimu wa sauti, anakwenda na tabia zake pia, na baadhi lazima ziondoke. Kubwa ni kupaza. Ngoma, kinanda na spika kubwa zimetufundisha kuimba kwa kushindana, na koo ndilo linalolipa. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, isiyozidi sentimita mbili na nusu hata kwa mwanamume mwenye sauti nzito. Ukiimba A iliyo juu ya C ya kati, zinagongana mara 440 kwa sekunde. Soprano anayeifikia C yake ya juu anazigonganisha zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Kuzipa nguvu ya shingo na taya juu ya kazi hiyo ni kuzijeruhi. Mwalimu mzuri hutumia masomo ya kwanza karibu yote kwenye pumzi: mabega yatulie, mbavu za chini zitanuke, na hewa itoke taratibu. Zoezi la kutoa sauti ya "sss" ndefu, iliyo sawa tangu mwanzo hadi mwisho, linaonekana dogo, lakini linafichua udhaifu haraka kuliko wimbo wowote. Likifuatiwa na kuvuma midomo ikiwa imefungwa, kisha kuteleza kutoka chini kwenda juu bila kukatika, sauti inaamka bila kuumizwa.

Mwalimu pia anapaswa kuwa na ujasiri wa kumhamisha mtu. Kwaya humweka msichana sauti ya kwanza kwa sababu pana upungufu, na anaimba hapo miaka kumi huku sauti yake ya kweli ikiwa ya pili. Wavulana wanaobalehe wanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nyuzi zao zinarefuka na kunenepa kwa kipindi kifupi, na sauti iliyokuwa tiifu jana leo inavunjika. Waimbe kwa upole, katika eneo dogo lililo salama, wasilazimishwe besi kabla ya wakati. Na mtu mzima ambaye sauti imemkauka kwa zaidi ya wiki tatu hahitaji asali na tangawizi. Anahitaji daktari wa koo.

Piano humsaidia mwimbaji kwa jambo moja hasa: haishuki. Kwaya inayoimba bila chombo huanza G na mara nyingi kumaliza chini yake, na hakuna anayegundua kwa sababu wote wameshuka pamoja. Piano inasema ukweli mwishoni mwa ubeti. Lakini ukweli huo una mipaka, na mwalimu asiyeijua anaweza kuharibu. Piano ya leo imegawa oktava katika nusu-sauti 12 zilizo sawa. Taarab ya Unguja na Mombasa, kwa urithi wake wa maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, ina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili, mfano ile ya sikah, ambayo si E wala E iliyoshushwa. Wagogo wa Dodoma, ambao Hukwe Zawose aliubeba muziki wao duniani kote, wana ngazi inayofuata mfuatano wa asili wa uzi unaotetema, na humo imo sauti ambayo piano haina. Mwimbaji wa muziki huo akija kujifunza pumzi na matamshi, mwalimu aifunge piano. Afundishe kwa sauti yake mwenyewe, au kwa udi na fidla.

Kuhusu chombo cha nyumbani nitasema machache. Kinanda cha vitufe 61 vyepesi kinatosha kuanzia na kumsindikiza mwimbaji, ila mkono uliozoea vitufe vyepesi utapata shida kwenye piano, kwa hiyo mwenye uwezo anunue cha umeme chenye vitufe 88 vizito, na pedali yake. Piano ya mbao ni nzuri kuliko vyote, lakini ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa fahamu kwamba unyevu wa pwani huvimbisha mbao, hukwamisha vitufe na kutia nyuzi kutu, na mafundi wa kuirekebisha ni wachache. Kabla ya kununua iliyotumika, tafuta fundi kwanza.

Mitihani nayo ina nafasi yake. Ile ya ABRSM, bodi iliyoanzishwa London mwaka 1889, ina gredi ya 1 hadi ya 8. Alama ni 150, na kufaulu ni 100. Tangu mwaka 2020 kuna pia aina ya mtihani inayofanywa kwa kutuma video. Mitihani hii inampa mwanafunzi lengo na inampa mzazi ushahidi. Ubaya unaanza pale mtoto anapocheza nyimbo tatu tu kwa mwaka mzima, zile za mtihani, na akiombwa kusindikiza wimbo kwenye harusi ya shangazi yake anabaki akiuliza nota ziko wapi. Mwalimu wa kwaya aliyemfundisha d, r, m angeona hasara hiyo mara moja. Sehemu ya mtihani inayopima sikio, ambayo wanafunzi wa nchi nyingine huiogopa, ingepaswa kuwa mchezo kwa watoto wetu. Wengi wanaiogopa nao, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni solfa ileile.

Niseme sasa ninachotaka mwanafunzi aweze kukifanya baada ya miaka miwili mitatu ya masomo haya mawili kwa pamoja. Achukue wimbo wa sauti nne anaoujua. Acheze sauti zote nne polepole. Kisha acheze tatu na kuiimba ile iliyobaki, akianza na ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayobeba tuni na sikio linaifuata lenyewe. Akimaliza aimbe ya nne, maana inasimama pembeni, chini ya zote, na mkono wa kushoto ukibakiwa na sauti moja tu unapata nafasi. Ya pili na ya tatu ziachwe mwisho. Hizo zimefichwa katikati, zinabanwa juu na chini, na mtu anayeziimba huku vidole vyake vikicheza zilizobaki atavutwa mara nyingi na sauti ya jirani. Mwalimu asimkatize kila anapokosea. Amsubiri amalize sentensi, ampigie do, na waanze tena.